Meza Kumi na Mbili za Mumbai

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Warda.

Msomaji uliyekuwa nasi juma lililopita unajua ulivyoinuka: polepole, kama wa mwanafunzi asiye na hakika na jibu lake, katikati ya ukumbi wa karamu wa Hoteli ya Zumaridi, ghorofa ya thelathini na moja, pale West Bay mjini Doha. Na wewe uliyekosa gazeti usihuzunike, mambo yenyewe ni machache. Bwana Pednekar, tajiri wa ujenzi, anatimiza miaka sabini leo. Amealika chakula cha mchana watu themanini na wanne wa mji wake wa Mumbai. Aliingia ukumbini saa sita na robo, akazitazama meza kumi na mbili, akasoma kadi za majina moja moja, kisha akauliza kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele:

"Nani amewapanga watu wangu hivi?"

"Mimi, bwana," alisema Warda.

Mkono ulisita, lakini sauti ilikuwa ya fahari, hilo tusimfiche. Jana yake Athanas, msimamizi wa zamu, Mtaita wa Wundanyi, aliwagawa wageni mafungu mawili: wala nyama huku, wasiokula nyama kule. Warda alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka Athanas, hivi Wahindi wewe unawajua?"

"Nawajua. Ndio hao niliowaandika."

"Hao uliowaandika ni tumbo. Wahindi ni jamati, kila kundi na dini yake na chakula chake."

Warda ni mtoto wa Mkunazini, Unguja. Ukuta wa chumba alichozaliwa ulikuwa pia ukuta wa Bohora. Akisoma jina tu, anajua huyu ni Bohora, huyu Mgoa, huyu Baniani, huyu Jaini. Basi alikesha na orodha, akampa kila mtu meza ya watu wake, na akajisemea kwamba leo Doha itajua Zanzibar iko wapi.

Tena alikuwa na sababu. Miezi yake sita ya majaribio ilikuwa inakwisha leo. Mudir wa hoteli, yaani meneja, Mlebanoni mmoja mrefu asiyetabasamu kabla ya adhuhuri, alikuwa na barua mbili mfukoni mwa koti. Moja ilimpa Warda mkataba wa miaka miwili na cheo cha kepteni wa karamu. Nyingine ilikuwa ya kumshukuru na kumpa tiketi ya Alhamisi. Ipi itolewe, karamu hii ndiyo ingeamua.

Bwana Pednekar alichukua kadi moja mezani. "Huyu nani?"

"Bwana Shah. Jaini. Hali nyama, hali kitunguu, hali saumu, hali kiazi, wala chochote kilichochimbwa ardhini. Nimemweka na wenzake."

"Na huyu?"

"Bibi Sakina. Bohora. Meza yao nimeiandalia sinia moja kubwa, watu wanane. Na chumvi mbele, maana hawaanzi kula mpaka waonje chumvi."

"Hawa?"

"Magoa. Wakristo. Wali na mchuzi wa samaki wa nazi."

Pale mlangoni Kawira, msichana wa Meru anayelala kitanda cha juu ya kile cha Warda katika chumba chao mtaani Al Mansoura, alikuwa ameshika sinia la glasi. Alimwinulia Warda kidole gumba kwa siri.

"Umesoma wapi haya, binti?"

"Sikusoma, bwana. Ni majirani zetu nyumbani."

Bwana Pednekar alirudisha kadi mahali pake, akainyoosha. "Hukukosea hata mmoja," alisema.

Warda akaanza kutabasamu.

"Na ndiyo sababu umeniharibia siku."

Tabasamu likabaki nusu, kama taa ya jikoni umeme ukipungua.

"Unajua Mumbai ina watu wangapi?" Bwana Pednekar hakungoja jibu. "Milioni kumi na mbili na ushee, hao ni wa mji wenyewe. Ongeza vitongoji, unakaribia ishirini. Mimi Mmarathi, ndio wenye mji, na nusu hatufiki. Waliobaki ni Wagujarati, Watamil, watu wa kaskazini walioshuka kwenye treni na sanduku la bati, Magoa, Waparsi, Wabudha, Waislamu wa kila madhehebu. Bara Hindi nzima imejibana kwenye ulimi wa nchi kavu baharini. Unafikiri tuliwezaje kuishi? Kila mtu na meza yake?"

"Sijui, bwana."

"Tuliishi kwa milango."

Akaeleza, na hapa nitafupisha maana saa inakwenda. Wote themanini na wanne walitoka jengo moja. Ghorofa tatu za mbao na matofali, milango kumi kila ghorofa, familia moja chumba kimoja, na mbele ya milango yote baraza moja ndefu. Choo mwisho wa baraza. Bomba la maji chini uani. Ukitaka kuliona jengo hilo, chukua nyumba ya vyumba ya Kariakoo, weka nyingine juu yake, na juu yake nyingine. Kwa lugha yao linaitwa chaali.

"Shah alikuwa mlango wa kumi na mbili. Sakina wa kumi na tatu. Mama yangu alipolazwa, Sakina alinilisha wiki tatu, na mimi ni Mhindu. Shah hakula kiazi miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwambia akale kwingine. Jengo lilivunjwa miaka ishirini na miwili iliyopita. Nimewaleta wengine kwa ndege, wengine kutoka Muscat na Dubai, ili niwaone mara moja wamekaa walivyokuwa. Wewe umenijengea kuta ambazo hazikuwepo."

Akaitazama saa yake. "Wakae kwa milango yao. Saa saba kamili."

Akatoka kwenda chini kuwapokea wageni wa mwisho waliokuwa wakitoka uwanja wa ndege.

 Kisha Athanas akasogea, mikono nyuma.

"Mimi nilikuwa na mafungu mawili tu," alisema. "Yangekuwa mabaya, lakini yangekuwa mawili."

"Kaka, nilaumu kesho. Leo nipe mtu anayejua milango."

"Mwenye karamu mwenyewe anaijua."

"Nimfuate?"

"Mfuate. Mudir yuko naye kwenye lifti. Ukifika tu na kumwuliza nani alikaa wapi, tiketi ya Alhamisi unapewa papo hapo, na ya dirishani."

Kawira aliweka sinia chini. "Manze, si uwaulize wao wenyewe? Wako hapo nje wanakunywa sharbati."

"Watu themanini na wanne niwaulize mmoja mmoja? Nitamaliza Ijumaa."

"Na Alhamisi uko kwa ndege."

"Asante, Kawira. Rafiki wa kweli wewe."

Warda alizunguka meza moja, akazunguka ya pili. Elimu yake ya jamati ilikuwa imemtupa mkono. Lakini mtu hana elimu moja tu. Alikumbuka nyumba ya shangazi yake, Kariakoo, Dar es Salaam, alikokaa miaka miwili. Vyumba vinane, wapangaji wa makabila manane. Nani aliyejua kila aliyeingia, kila aliyehama, nani amegombana na mkewe na nani amepika nini? Mwenye nyumba hakujua. Shangazi hakujua. Alijua Mama Zuhura, ambaye dirisha lake lilitazama bomba.

Akatoka mbio mpaka sebuleni kwa wageni. Mwendo wa mbio umekatazwa kwa watumishi wa Zumaridi, ndugu msomaji, lakini mudir alikuwa chini.

"Samahanini, mabibi na mabwana," alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Nani kati yenu aliishi karibu na bomba la maji?"

Vidole thelathini vilinyooka upande mmoja, na kicheko kikavifuata.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa bibi mdogo kama ndege, gauni la maua, msalaba wa dhahabu shingoni, bakuli la korosho mapajani. Aliitwa Mama Philomena. Mgoa, miaka themanini na mitatu, mlango wa kwanza ghorofa ya chini.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hajafa mtu, mama. Nataka milango."

Warda alimweleza kwa pumzi moja. Mama Philomena alitafuna korosho mpaka ikaisha.

"Bomba letu lilitoa maji saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Dakika arobaini, basi. Mimi nilikaa dirishani na chai yangu miaka hamsini. Foleni yote ninayo hapa." Akagusa kipaji cha uso. "Na rangi za ndoo. Una kalamu?"

Warda aligeuza karatasi ya orodha ya vyakula, akapiga goti.

"Andika. Mlango wa kwanza, mimi. Wa pili, Yadav, muuza maziwa, mtu wa kaskazini. Ndoo ya bati imetoboka, anaiziba kwa sabuni. Wa tatu, Murugesan, Mtamil, karani wa reli. Mkewe anachora maua ya unga mlangoni kila asubuhi, na kila asubuhi watoto wa Yadav wanayakanyaga. Usiwatenganishe hao. Hawajamaliza kugombana."

"Wa nne?"

"Mparsi. Mjane. Hakupanga foleni hata siku moja, alituma ndoo tu na kila mtu akaipa nafasi, kwa sababu alitupigia piano Jumapili. Andika, mwanangu, usinitazame."

Warda akaandika. Ghorofa ya chini ikaisha, ya pili ikaanza. Mama Philomena alikwenda kama treni ya Mumbai, bila kusimama, akimwaga makabila, dini, ndoo, posa zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Mlango wa kumi na nane, Pednekar mwenyewe, na mama yake aliyeteka maji akiimba.

"Wa kumi na tisa?"

Bibi akachukua korosho. Akairudisha bakulini.

"Wa kumi na tisa, andika Taherali."

Warda alipitisha kidole kwenye orodha ya wageni, juu mpaka chini. "Hayumo, mama."

"Najua hayumo. Mwekee kiti."

"Lakini mwenye karamu..."

"Umeniuliza milango, nimekupa milango. Ukitaka na sababu zake, saa saba itapita. Wa ishirini, Kamble, mwalimu, Mbudha."

Saa sita na dakika thelathini na tano Warda alirudi ukumbini na karatasi tatu zilizojaa mbele na nyuma. Kilichofuata, watumishi wa Zumaridi hawatakisahau. Kadi themanini na nne zilinyanyuliwa na kushushwa upya. Athanas alisoma milango kwa sauti kama mnada. Kawira alibeba viti viwili viwili. Mpishi mkuu akatoka jikoni, kofia imepinda.

"Nimepakua kwa meza," alisema. "Meza ya Majaini, meza ya samaki, meza ya mbuzi. Mnaniambia nini sasa?"

"Chakula kimfuate mtu, mpishi," alisema Warda. "Meza isahau."

"Na hawa wabebaji watamjuaje mtu?"

"Kwa vitambaa vya kufutia mikono. Kilichosimama pembe tatu, anakula kila kitu. Kilicholazwa, hali nyama. Kilichofungwa fundo, Jaini, hali nyama wala kilichotoka ardhini."

"Na anayekula samaki bila nyama?" aliuliza Kawira.

"Huyo atasema mwenyewe. Wala samaki hawanyamazi."

Mpishi alifikiri, akakubali kwa kukosa njia, akarudi jikoni akiongea peke yake Kinepali.

Ilipofika meza ya sita, Athanas akasimama. Ilikuwa meza ya milango ya kumi na saba mpaka ishirini. Kiti cha Bwana Pednekar kilikuwa pale, na mkono wake wa kulia palikuwa na kiti kisicho na kadi.

"Hiki cha nani?"

"Mlango wa kumi na tisa."

"Jina?"

"Hayumo kwenye orodha."

"Basi ondoa. Umeokoka kwenye tundu la sindano, unarudi kutafuta nini?"

"Kaka, hesabu mwenyewe. Kumi na saba, kumi na nane, ishirini. Yeye ametaka wakae walivyokuwa. Walikuwa na kumi na tisa."

Athanas alitaka kujibu, lakini saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika moja, na milango ikafunguliwa.

Wageni waliingia wakasimama, kila mmoja akitafuta jina lake alikotarajia kuliona, asilione. Halafu mzee mmoja akaikuta kadi yake, akatazama ya jirani, akatazama ya kushoto. Akaweka mkono mdomoni.

"Sakina," alisema. "Wamekuweka hapa."

"Wamekuweka wewe hapa," alijibu bibi aliyevaa rida, vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya zambarau. "Mimi nilikuwa hapa siku zote. Bado unakoroma, Shah?"

"Ukuta ulikuwa mwembamba. Aliyekoroma ni mumeo, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa naitikia."

Baada ya hapo hakuna aliyesikia mwenzake. Mke wa Murugesan na mke wa Yadav walianza upya ugomvi wa maua ya unga mahali ulipokatizwa miaka ishirini na miwili nyuma, huku wameshikana mikono. Sinia kubwa la Mabohora lilikuwa limerudishwa jikoni, na Bibi Sakina alipoambiwa hivyo alisema sinia ataliona nyumbani, leo wamletee chumvi tu. Akaonja, akampitishia Shah, na Shah akaonja naye.

"Wanaongea lugha gani?" Kawira alimnong'oneza Warda. "Niko hapa Doha miaka minne, Kihindi nakisikia. Hiki sikijui."

"Kihindi cha mtaani kwao. Kimechota Kimarathi, kimechota Kigujarati, Kiingereza kidogo."

"Kumbe nao wako na Sheng."

"Kila mji una yake."

Bwana Pednekar alisimama katikati ya ukumbi, akawazunguka kwa macho mlango kwa mlango. Akatoa leso akafuta uso. Mudir, aliyekuwa nyuma yake, alimtazama Warda na, jambo ambalo Athanas anaapa hajawahi kuliona, akatabasamu mchana.

"Kepteni," alisema mudir kwa sauti ndogo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti.

Laiti mkono huo ungetoka na barua wakati ule.

Bwana Pednekar alifika kwenye meza yake, akavuta kiti chake, akaona kile cha kulia. "Hapa anakaa nani?"

Mkono wa mudir ukaganda mfukoni.

"Mlango wa kumi na tisa, bwana," alisema Warda.

Uso wa mzee ulibadilika kama anga ya hapa vumbi linapoingia. "Nani amekutajia mlango huo?"

Warda hakugeuza macho kwenye meza ya kwanza. Malezi ya Mkunazini yana mengi, lakini kumtaja mtu mzima aliyekusaidia hakumo.

"Nimeuweka mimi, bwana."

"Basi ujue umemweka nani. Mjenzi alikuja na karatasi, anataka kulivunja jengo ajenge mnara. Tulikutana barazani, milango thelathini, tukaapa hatii mtu sahihi. Kulipokucha siku ya tatu, karatasi ina sahihi moja. Ya mlango wa kumi na tisa. Baada ya hapo kila mtu akaogopa kubaki peke yake. Mwezi haukuisha, wote tumetia. Mama yangu alikufa katika chumba cha kupanga kitongojini, hamjui jirani hata mmoja. Ondoa kiti."

"Ondoa kiti," alisema mudir.

Warda alishika mgongo wa kiti. Alikuwa amekwisha kukiinua, nakuapia, miguu yote minne hewani, pale mazungumzo ya ukumbi yalipokufa. Yalikufa meza moja moja, kutoka mlangoni kuja ndani.

Mzee mmoja alikuwa akiingia. Kanzu nyeupe, koti jeupe, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, bakora. Hakumtazama mtu. Alipita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akihesabu milango kwa majina ya kadi, kama mtu anayepanda ngazi gizani na kujua idadi yake. Akasimama kwenye meza ya sita, mbele ya kiti kilichokuwa mikononi mwa Warda.

Hakuna aliyelazimika kuambiwa ni nani.

"Sikukualika, Taherali," alisema Bwana Pednekar.

"Nimepigiwa simu."

"Na nani?"

Mzee aliendelea kukitazama kiti.

Bwana Pednekar alimgeukia Warda. "Akikaa huyu, mimi natoka katika karamu yangu mwenyewe. Na wewe unatoka pia, kwa mlango wa watumishi, na hurudi."

Kiti kilisikika kikisogezwa huko mbele. Mama Philomena alikuwa amesimama, mdogo kuliko kiti chenyewe.

"Asipokaa," alisema, "mlango wa kwanza hauli."

Bibi Sakina akaweka kijiko chini. Shah akaweka chake. Yadav, Murugesan, mjane wa piano. Vijiko viligusa vitambaa ukumbi mzima, tik, tik, tik.

Mudir aliinama sikioni kwa Warda. Hakuwa na tabasamu tena. "Umelifungua wewe, lifunge wewe. Barua zote mbili ninazo."

Warda alitazama kiti. Akimkalisha mgeni, mwenye karamu anaondoka na kazi inaondoka naye. Akimnyima, wageni themanini hawali, na karamu isiyoliwa hakuna mudir anayeitolea mkataba.  Maneno yakamponyoka kwa lugha ya kwao:

"Ya Rabbi, mie nimeingia wapi?"

Yule mzee aligeuka taratibu, bakora na yote.

"We mtoto wa Unguja?"

Kilikuwa Kiswahili cha mjini Unguja, safi, chenye mvuto wa zamani ambao Warda aliusikia kwa nyanya yake tu.

"Wa Mkunazini, babu," alijibu kabla hajajizuia.

"Mie wa Kiponda. Nimezaliwa pale, nimetoka na miaka kumi na minne, mwaka ule wa sitini na nne. Bombay wakaniita Mwafrika mpaka nikaitika." Alisema bila kuinua sauti, macho yake kwenye kiti. "Sikiliza, mwanangu, maana humu ndani nnaye wewe tu wa kunifahamu. Sahihi ile si yangu."

Warda alimsogelea, kiti bado mikononi.

"Iliandikwa jina langu kwa mkono wa mtu mwengine. Mkono huo nliujua siku ile ile nilipouona. Aliyefanya alikuwa na shida kunishinda mie, nikanyamaza. Miaka ishirini na miwili nnabeba. Na leo ndiye aliyenipigia simu nije. Yumo humu, kakaa alipokuwa akikaa, na hawa wote wanampenda. Sasa wewe ndiye mwenye kupanga viti. Nikae nimtaje, au nende zangu nayo?"

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Pednekar.

Wageni themanini na wanne walimtazama Warda. Athanas alimtazama. Kawira, sinia kifuani, alimtazama. Hawa wawili Kiswahili walikijua, lakini walikuwa mbali mno kusikia.

Warda aliinua macho, akavuka bega la mwenye karamu, akavuka meza tano, mpaka ya kwanza. Mama Philomena, asiyejua neno moja la Kiswahili, alikuwa amekwisha kukaa. Viganja vyake vimelala juu ya kitambaa cheupe, macho ameyafumba, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

"Binti," alisema Bwana Pednekar. "Nimekuuliza. Anasemaje?"

Warda akakishusha kiti, miguu yote minne sakafuni. Akakivuta nyuma, akamwashiria mzee akae.

Kisha akamgeukia mwenye karamu, akafungua kinywa.